Ngitili: Hifadhi ya Malisho na Sheria ya Kijiji Usukuma ya Mashariki

Kata ya Nkololo, iliyo Usukuma ya Mashariki, imo katika Wilaya ya Bariadi, ambayo kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, hivyo historia ya ardhi yake haitenganishwi na ile ya Usukuma kwa jumla. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi za kwingine zinapokwisha. Halikuhitaji uzio, kwa kuwa majirani waliijua mipaka yake. Lilipofunguliwa lililishwa kipande kwa kipande, ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wafikie msimu wa kilimo wakiwa na nguvu.

Mipango iliyobuniwa mbali na wenye ardhi iliidhoofisha desturi hiyo. Vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ukaamuru watu kulima kwa matuta na kupunguza mifugo, hadi upinzani ulipoulazimisha utawala wa Kiingereza kuachana na amri nyingi mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliziweka kaya nyingi mbali na ngitili zao.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, uliofadhiliwa na Norway. Mwanzoni mradi ulitegemea zaidi vitalu na upandaji wa miche, lakini ilidhihirika kwamba ardhi iliyofungwa kwa utaratibu wa ngitili ilirudisha miti kwa gharama ndogo, kwa sababu visiki na mizizi ya migunga ilikuwa bado hai. Eneo la ngitili lililorekodiwa, ambalo mwaka 1986 lilikuwa takriban hekta 600, lilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulinzi wake haukuachiwa mabwana misitu peke yao: dagashida, yaani baraza la wanakijiji, liliweka adhabu, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia.

Hata hivyo, faida haikugawanyika sawasawa. Ngitili za kijiji zilichangia ujenzi wa madarasa, lakini nyingine nyingi zilikuwa za kaya, na kaya yenye ardhi kubwa ilipata nyasi, kuni na asali nyingi kuliko ile isiyo na ardhi ya kufunga. Ndiyo maana suala la umiliki lilibaki na uzito hata pale ambapo mbinu yenyewe ilikuwa imekwisha kufaulu.