Mali Bila Daftari

Miaka michache iliyopita nilifika Piyaya, kijiji cha wafugaji wa Kimasai wilayani Ngorongoro, mashariki ya Serengeti. Jioni moja morani walisimama duara wakaimba. Ngoma haikuwepo, maana Wamasai huimba bila ngoma. Kiongozi wao, yule wanayemwita olaranyani, alianzisha kwa sauti ya juu; wenzake wakamwitikia kwa ngurumo nzito za kooni.

Nilimwuliza mzee aliyeketi karibu yangu wimbo ule ni wa nani.

"Wa rika letu, mwanangu. Sisi tuliuimba kabla ya hawa."

"Na aliyeutunga, mzee?"

Alinyamaza kidogo. "Huyo hayupo tena."

Sikuendelea kuuliza, kwa kuwa kwa mila zao jina la marehemu halitajwi ovyo. Wimbo umebaki, jina limeondoka.

Njiani kurudi mjini nilimkumbuka Mganda mmoja, Joseph Kyagambiddwa. Vijana wetu wengi hawamjui, nao wanawajua wanamuziki wa Ulaya waliokufa karne tatu zilizopita. Kyagambiddwa alikuwa mtunzi wa muziki na mwandishi. Mwaka 1955 kitabu chake juu ya muziki wa Waganda kilichapwa New York, na ndani yake aliandika nyimbo za marimba ya amadinda.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Amadinda ina vibao 12 vilivyolazwa juu ya vigogo vya migomba, na wapigaji ni watatu. Wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akiingiza pigo lake katika nafasi aliyoiacha mwenzake. Wa tatu hukaa kwenye vibao viwili vya mwisho, akiokota sauti fulani za wimbo na kuzirudia kwa juu. Mgeni husikia mapigo yanayomiminika kama mvua juu ya bati. Mwenyeji husikia wimbo, tena wenye maneno. Kuyatenganisha mapigo hayo na kuyaweka katika karatasi kunahitaji sikio la fundi na subira ya mvuvi.

Bila shaka wapo waliojiuliza wakati ule: haja ya kuandika ni ipi, na ikulu ya Kabaka pale Mengo imejaa wapigaji? Jibu lilikuja Mei 1966. Majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliivamia ikulu hiyo. Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, ala zikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa, na Buganda haikurudishiwa ufalme wake hadi mwaka 1993. Muda wa miaka 26 unatosha kabisa kuua kazi inayorithishwa kwa mkono na sikio. Haikufa, kwanza kwa sababu walikuwepo mafundi wa ikulu kama Evaristo Muyinda walioendelea kufundisha, na pili kwa sababu daftari lilikuwepo.

Tena Kyagambiddwa hakuishia kunakili kazi za wengine. Oktoba 18, 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, huko Roma iliimbwa oratorio aliyoitunga yeye, yaani simulizi ndefu ya kidini inayoimbwa bila kuigizwa, kwa mtindo wa Kiganda. Kumbukeni kwamba wamisionari wengi walikuwa wameikataa ngoma mlangoni mwa kanisa. Hapa Tanzania naye Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akiutetea muziki huo kwa hoja.

Njia hiyo haikuota majani. Mganda mwingine, Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, aliandika muziki wa fidla mbili, viola na selo akitumia mapigo ya kwao, na mwaka 1992 sehemu yake ya kwanza ilitoka katika rekodi ya Kronos Quartet, kundi mashuhuri la Marekani. Jina lake limeandikwa kwenye jalada, na wimbo ukichezwa popote mwenyewe anajulikana.

Wapo watakaoniambia kwamba nota haziwezi kuibeba ile ngurumo ya Piyaya. Ni kweli, wala sibishi. Karatasi haiimbi. Lakini hata karatasi ya Kyagambiddwa haikuimba peke yake. Ilihitaji mwalimu wa kuifungua. Karatasi kazi yake ni kushuhudia: wimbo huu ulikuwepo, uliimbwa hivi, na fulani ndiye aliyeutunga.

Na mila ya kutotaja marehemu je? Tuiheshimu. Haikatazi mtu kuulizwa jina lake angali hai. Yule olaranyani niliyemsikia alikuwa kijana mwenye pumzi zake. Nilikuwa na kalamu mfukoni, nikashughulika na kumwuliza mzee habari za aliyekufa, nikaondoka bila kumwuliza kijana jina lake wala nyimbo alizozitunga mwenyewe. Kosa hilo ni langu, nami nalikiri hapa mbele yenu.

Msikilizaji, katika mtaa wako yupo anayetunga: wa kwaya, wa ngoma, wa taarab. Mwulize leo, uandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.