Umefanya rimiksi ya wimbo wa watu? Soma hii kabla hujaipandisha YouTube

Kama wewe ni DJ hapa Mpanda, unajua mambo yanavyokwenda. Unachukua wimbo unaobamba, unaukimbiza uwe singeli, unaweka jina lako katikati, unaupandisha YouTube. Kesho yake uko kwenye flashi za vibanda vya stendi, na haupiti muda unasikika Inyonga na Karema. Hakuna aliyekuuliza, kwa hiyo unaona poa tu.

Sheria haioni poa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inampa mwenye kazi peke yake haki ya kuinakili, kuisambaza na kuibadilisha. Rimiksi inafanya yote matatu. Kuitoa bure hakukuokoi, na kuandika chini ya video kwamba "wimbo si wangu" ni kukiri tu. Ile habari ya kuruhusiwa sekunde chache nayo ni ya vijiweni.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba wimbo mmoja una wenyewe zaidi ya mmoja. Maneno na melodi ni vya mtunzi. Rekodi yenyewe inaweza kuwa ya prodyuza au lebo. Kwa hiyo msanii akikujibu Instagram "fanya tu mwanangu", bado hujamaliza.

Hata mastaa yamewakuta. Mwaka 2019 video ya Uno ya Harmonize iliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kulalamika kuwa biti imetoka kwenye Dundaing, wimbo wa King Kaka aliouandaa yeye. Baadaye video ilirudi. Lakini Harmonize ana menejimenti ya kupiga simu. Wewe wa Makanyagio utampigia nani?

YouTube kuna adhabu za aina mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni dai: mfumo unautambua wimbo wenyewe, pesa ya matangazo inakwenda kwa mwenye haki au video inazuiwa, ila chaneli yako inabaki salama. Ya pili ni onyo, pale mwenye wimbo anapoomba video iondolewe. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa na kila kilichomo, hata video za harusi ulizopiga mwenyewe na nyimbo zako halali. Miaka yako yote ya kuchoma bando inaishia hapo. Na huko ni YouTube tu. Mwenye wimbo bado anaweza kwenda COSOTA, siku hizi Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, au mahakamani.

Ufanyeje? Omba ruhusa kwa maandishi, kwa msanii na kwa mwenye rekodi, na utaje itawekwa wapi na kama itaingiza pesa. Kabla ya kuiachia, ipandishe ikiwa ya faragha kwanza, YouTube ikague kama kuna dai. Kupita ukaguzi si ruhusa, lakini utajua mapema.

Binafsi naona njia nzuri zaidi ni kutengeneza biti yako na kumtafuta muimbaji wa hapa hapa, Nsemulwa au Kashaulili. Andikeni karatasi moja kabla ya kurekodi: nani katunga, nani katengeneza biti, mapato yanagawanywaje. Kila mmoja asaini na abaki na nakala.