Mahitaji ya soya katika soko la dunia

Mahitaji ya soya katika soko la dunia ni kiasi cha zao hilo ambacho nchi zinazoagiza ziko tayari kununua kwa bei iliyopo. Brazili na Marekani ndio wauzaji wakuu. China peke yake hununua zaidi ya nusu ya soya yote inayovuka mipaka.

Kinachosukuma mahitaji hayo hasa ni nyama. Soya ikikamuliwa mafuta, takriban asilimia 80 ya uzito wake hubaki kuwa mashudu, ambayo ni chakula cha kuku na nguruwe. Kipato cha Wachina kilipopanda, ulaji wa nyama uliongezeka na uagizaji wa soya ukapanda nao. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipozuka nchini China mwaka 2018 na kuangamiza mifugo, mahitaji yalidhoofika.

Ushuru hubadili zaidi mahali pa kununua kuliko kiasi kinachohitajika. Julai 2018 China iliitoza soya ya Marekani ushuru wa nyongeza wa asilimia 25. Wanunuzi wakahamia Brazili, na hasara kubwa ikawaangukia wakulima wa Marekani, ambao hawakuuanzisha mgogoro wa kibiashara kati ya China na Marekani.

Thamani ya sarafu nayo ina uzito, kwa kuwa biashara hufanywa kwa dola: reali ya Brazili ikishuka, soya yake huvutia zaidi wanunuzi. Nauli za meli huchangia pia, na vilevile bei ya mawese, ambayo hushindana na mafuta ya soya.

Soko hilo la China lilifunguliwa pia kwa Tanzania, iliyopata kibali cha kuuza soya huko mwaka 2020.