Mafuta ya Nywele Kutoka India

Leo tuangalie mafuta ya nywele ya Kihindi yalikotoka na kazi yake.

Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba ya Ayurveda, kilifundisha kwamba anayepaka mafuta kichwani kila siku hapati upara wala mvi mapema. Kusini mwa India, hasa Kerala, akina mama walisinga watoto kwa mafuta ya nazi. Kaskazini, kwa ufuta au haradali. Tunda la amla lilichemshwa humo. Kukanda kichwa huko huitwa champi. Katika miaka ya 1810, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua nyumba ya kukanda watu mjini Brighton, Uingereza, akalivumisha neno ambalo leo tunaliita shampuu.

Je, wazee wale walisema kweli? Kwa sehemu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza protini inayopotea kwenye nywele, hivyo hazikatiki ovyo. Lakini hayaoteshi nywele palipo na upara.

Mama, mtoto akiwa na mapunye, mafuta hayatamponya. Mapunye ni ukungu ulioingia hadi kwenye mizizi ya nywele. Huhitaji dawa ya kumeza. Ukichelewa, huenda asiote nywele tena mahali hapo. Mpeleke kituo cha afya. Pia, usimpake mtoto mchanga mafuta yenye kafuri, kwani yanaweza kumletea degedege.