Parseli pembeni ya Ziwa Kivu: bei inatoka wapi, na hatari iko wapi

Mjini Goma, bei ya parseli inafuata ziwa. Kiwanja kilicho pembeni ya Ziwa Kivu, huko Himbi, Keshero ao kartie Les Volcans, kinauzwa ghali kuliko kiwanja cha ukubwa ule ule huko Majengo ao Ndosho. Njo pale kuna hoteli na majumba yanayopangishwa kwa dola.

Sababu moja ni maji. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno: mvua ikinyesha, maji yanazama ndani ya mawe, na hakuna mto unaopita mjini. Regideso inavuta maji ziwani. Bomba zikikauka, watu wanashuka na mabidoni ku ziwa. Anayeishi mbali analipa wenye kumbebea, bidoni kwa bidoni.

Lakini bei ya juu si usalama. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Upande wa magharibi kuna mazuku, gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde na mashimo. Haionekani, na inaua watu na mifugo.

Kwingine, maji yenyewe njo yanashusha thamani. Mwezi wa Mei 2023, mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe, kando ya ziwa hili hili, na watu zaidi ya 400 walikufa. Uvira, Ziwa Tanganyika limepanda na kuingia manyumbani. Nyumba iliyoingiliwa na maji, nani ataitolea bei nzuri?

Kuna pia sheria. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali; mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na certificat d'enregistrement, si barua ya kuuziana peke yake. Chini ya ziwa na ya mto ni mali ya umma, haiuzwi. Kwa hiyo, anayemwaga mawe ziwani ili kupanua parseli, kipande kile si chake, na anayekinunua ananunua matata.

Mbele ya kulipa, mnunuzi apeleke namba ya karatasi ku kadasta, asimwachie komisioneri. Kisha aulize majirani mambo mawili: mazuku iko wapi, na wakati wa mvua kali maji yanafika wapi?