Kwa nini namba ya NIDA inaharibika kwenye Excel

Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Ukiiandika kwenye Excel mfululizo, bila vistari, programu inaichukua kuwa namba ya hesabu na tarakimu 5 za mwisho zinageuka sifuri. Haitoi onyo lolote. Kisanduku kinaonyesha kitu kama 1.98504E+19, na katibu wa ushirika anayeandikisha wakulima anaweza kudhani ni mwonekano tu, akahifadhi. Msimu ukifika, mkulima anaambiwa namba yake haitambuliki. Kubadilisha mpangilio baadaye hakusaidii, tarakimu zile zimeshapotea.

Tueleze sababu. Kompyuta hutunza namba kwa 0 na 1 pekee, tena katika nafasi yenye kipimo. Kwa utaratibu wa kimataifa wa mwaka 1985, namba moja kwa kawaida hupewa biti 64, yaani vijumba 64 vya 0 au 1. Hivyo hubeba kwa uhakika tarakimu 15 hivi, na Excel hukata papo hapo kwenye ya 15.

Desimali nazo zina lao. Gawa shilingi 10 kwa watu watatu, utapata 3.333 isiyo na mwisho. Kwa kompyuta hata 0.1 haina mwisho, kwa hiyo huikata. Ndiyo maana programu ya takwimu iitwayo R, ukiiuliza kama 0.1 + 0.2 ni sawa na 0.3, inajibu si kweli! Kosa lenyewe ni dogo mno, na kwenye uzito wa pamba hatuoni sababu ya kulihofia.

Linakua pale namba mbili kubwa zinazokaribiana zinapotolewa: sehemu sahihi inafutika, inabaki iliyokosewa. Excel za kabla ya toleo la 2003 ziliweza kukosea hivyo zilipopima namba kubwa zimetawanyika kiasi gani.

Kwa daftari la wakulima, andika namba na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi, au tanguliza alama ya ritifaa, ile ya kwenye neno ng'ombe. Excel itaichukua kama maandishi, na namba za simu nazo zitabaki na sifuri ya mwanzo. Orodha iliyokwisha kuharibika iandikwe upya kutoka kwenye kadi zenyewe.