Ghala la Mahindi, Ghala la Dawa: Hoja ya Kihafidhina kutoka Nyanda za Juu Kusini

Neno uhafidhina lina mzizi mmoja na neno hifadhi. Katika makala hii ninalitumia kwa maana hiyo ya asili: siasa ya kutunza kilichopo kisipotee. Kwa msimamo huo ninadai kwamba dawa za kufubaza VVU ni sehemu ya ulinzi wa taifa, na uhakika wake hauwezi kuachwa kwenye bajeti inayopigiwa kura Washington.

Kwa takribani miaka ishirini, Taasisi ya Utafiti ya Jeshi la Marekani ya Walter Reed imeshirikiana na watafiti na hospitali za Mbeya. Imebeba jina la daktari wa kijeshi ambaye, huko Cuba mwaka 1900, alithibitisha kuwa homa ya manjano huenezwa na mbu. Jeshi hilo lilitafiti ili kuwalinda askari wake. Ndivyo ilivyopatikana pia meflokwini, dawa ya malaria. Lakini elimu iliyozaliwa kambini ilifika wodini kwetu, na hatukuipokea mikono mitupu: wakazi wa Mbeya walijitolea kwenye majaribio ya chanjo ya VVU, sawa na wenzao wa Kampala na Kericho. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni naye alipata.

Tuangalie basi siasa. Mpango wa PEPFAR, msaada wa Marekani wa kupambana na UKIMWI katika nchi nyingine, ulitangazwa Januari 2003 na George W. Bush, rais mhafidhina. Tarehe 20 Januari 2025 mhafidhina mwingine wa chama hichohicho, Donald Trump, alisitisha misaada ya nje kwa siku 90. Huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa baadaye kuendelea, lakini somo lilikwisha kutolewa. Kila mmoja alitumia mamlaka aliyopewa na wapigakura wake. Hakuna kati yao aliyechaguliwa na watu wa Mbeya, na si haki kumdai mlinzi wa nyumba ya jirani alinde ya kwetu.

Uzito wa jambo hili unaonekana sokoni Soweto, jijini Mbeya. Mama anayefungua lumbesa ya viazi alfajiri na kuvipanga kwenye sado anaweza kuwa amemeza kidonge chake usiku uliopita. Jirani wa kizimba hajui, kwa kuwa mama ana nguvu. Dawa ikikatika, virusi huongezeka na vinaweza kujenga usugu. Kinachofuata ni kitanda cha hospitali na ada ya shule isiyolipwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi nchini. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6.

Wapo wanaoona kwamba kujitegemea ni kumkataa mgeni na vifaa vyake. Januari 2021 Hayati Rais Magufuli alionya dhidi ya chanjo za UVIKO-19. Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Nauheshimu wasiwasi juu ya nia za wakubwa, lakini mlinzi hatupi ngao kwa sababu imefuliwa ugenini. Anajifunza kuifua, na kabla ya hapo anainunua kwa fedha yake.

Mfano tunao. Makambako kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwa sababu tulikubaliana kwamba njaa haingoji hisani. Bunge liipe Bohari ya Dawa wajibu kama huo: akiba ya dawa za VVU iliyonunuliwa kwa kodi zetu, yenye fungu lisilohamishwa, na inayokaguliwa kila mwaka. Tutalipa gharama, na mahitaji mengine yatasubiri. Lakini taifa linaloweka akiba ya mahindi kwa ajili ya mama wa Soweto lina deni la kumwekea na kidonge kinachomwezesha kuyala akiwa na afya.